Baada ya Salamu: Mwongozo Kamili wa Kumfundisha Mtoto na Kijana Kuzungumza na Watu

Mtoto wa Lamu hufundishwa kusalimu kabla hajajua kufunga vifungo vya shati. Akipita kichochoroni akakuta wazee wamekaa barazani, hutoa salamu, hushika mikono akaibusu, huitikiwa, kisha huyo ameshakwenda zake. Ukimuuliza mzazi yeyote wa Langoni au Mkomani kama mwanawe ana adabu, hilo ndilo atakalolitaja kwanza, na ana haki ya kujivunia.

Sasa mfuatilie mtoto huyohuyo akishafika miaka 12. Ami yake akimuuliza, "Shule vipi?" hujibu "Nzuri," na mazungumzo yameishia hapo. Mgeni akipiga hodi, mtoto hukimbilia ndani. Mwalimu akimtaka aeleze jibu lake mbele ya wenzake, sauti haitoki, ingawa jibu analo. Salamu anayo. Kinachofuata baada ya salamu ndicho hakufundishwa.

Nimesomesha watoto hapa mjini miaka mingi, shule asubuhi na chuoni, yaani madrasa, jioni, na kuna jambo moja ninaloliamini kabisa: watoto wetu hawazungumzi kwa sababu hatuwapi zamu. Tunawatuma, tunawaonya, tunawaamrisha, tunawahoji. Lakini nafasi ya kusema neno lao, mtu mzima akalingoja, akalisikiliza hadi mwisho na akalijibu, wengi huipata kwa nadra. Adabu ya kunyamaza mkubwa anaposema ina mahali pake na sitaki iondoke. Ninachotaka ni mtoto ajue, zamu yake ikifika, afanye nini nayo.

Hatua zinazofuata nimezipanga kwa umri. Kama mwanao ana miaka 13 na hatua ya kwanza hamkuipitia, anzieni hapohapo ya kwanza. Haina kuchelewa.

Hatua ya kwanza: mpe zamu hata kabla hajajua maneno

Mtoto mchanga akitoa sauti, mjibu. Akikuangalia, mwambie neno, kisha nyamaza umngoje. Atatoa sauti nyingine, nawe ujibu tena. Hayo tayari ni mazungumzo, na ndiyo msingi wa yote yatakayofuata. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walichapisha uchunguzi wa watoto wa miaka 4 hadi 6: walirekodi mazungumzo ya nyumbani, kisha wakapima ubongo wa watoto hao walipokuwa wakisikiliza hadithi. Kilichoonekana kuhusiana na kazi ya sehemu ya ubongo inayoshughulikia lugha ni idadi ya mara ambazo mtoto na mtu mzima walipokezana maneno. Wingi wa maneno yaliyomwagwa masikioni mwa mtoto haukueleza jambo hilo, wala kipato cha wazazi. Kwa hiyo runinga inayosema kutwa nzima sebuleni haimfundishi mtoto kuzungumza, kwa kuwa haimngojei. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019: mtoto wa chini ya miaka 2 asiwekwe mbele ya skrini, na wa miaka 2 hadi 4 asizidishe saa moja kwa siku.

Mahali pa kufanyia mazoezi haya ni palepale ulipo. Unakanda unga wa mahamri, unaanua nguo darini, umekaa dakani na punda wanapita. Zungumzieni kile ambacho mtoto mwenyewe anakitazama, si kile unachotaka wewe akitazame.

— Punda!
— Naam, punda. Amebeba nini?
(ngoja)
— Mawe.
— Mawe mengi! Anayapeleka wapi?
(ngoja)

Kule kungoja ndiko kugumu. Katika miaka ya 1970 mwalimu na mtafiti Mmarekani, Mary Budd Rowe, alipima muda ambao walimu huwangoja wanafunzi baada ya kuuliza swali, akakuta ni kama sekunde moja tu. Walimu walipojizoeza kungoja sekunde 3 au zaidi, majibu ya watoto yalirefuka, na wale waliozoea kukaa kimya wakaanza kusema. Mimi nikishauliza swali husema "Subhanallah" mara tatu moyoni, polepole, kabla ya kufungua mdomo tena. Jaribu. Utaona jinsi sekunde hizo zinavyoonekana ndefu, na utaelewa kwa nini watoto wengi hawazipati.

Hatua ya pili: salamu ifuatwe na habari moja

Kati ya miaka 4 na 7, anza na jambo linalowatatiza watoto kuliko tunavyodhani: nani aanze? Mtoto anaingia mahali pana watu, hajui kama aseme au angoje kusemeshwa, basi anaganda. Jibu tunalo katika Hadithi ya Mtume: mdogo amsalimu mkubwa, apitaye amsalimu aliyekaa, wachache wawasalimu wengi. Mfundishe kama kanuni ya kumtoa wasiwasi. Akishajua kwamba ni yeye wa kuanza, nusu ya woga imekwisha. Hodi nayo ni hivyohivyo: mara tatu, kwa sauti ya kusikika, na kama hakuna jibu unarudi ulikotoka bila kinyongo wala kuchungulia dirishani.

Kisha macho. Vitabu vingi vya malezi vilivyoandikwa kwingine humwambia mtoto amkazie macho anayezungumza naye. Kwetu mtoto kumkodolea mzee macho si heshima, na ukimlazimisha utamchanganya. Mfundishe hivi: autazame uso wakati wa kutoa salamu na wakati wa kujibu, wakati wa kusikiliza macho yanaweza kushuka, lakini kifua na miguu vielekee kwa anayesema. Mwili uliogeuka kando, mguu mmoja tayari unaondoka, ndio unaomwambia mwenzako kwamba humtaki.

Halafu mpe kitu cha kusema. Kabla hamjatoka nyumbani mwulize, "Leo una habari gani ya kumpa bibi?" Moja inatosha: jino limeng'oka, paka amezaa, chuoni wamefika sura mpya.

— Salaam aleikum, ami.
— Waaleikum salaam, mwanangu. Hujambo?
— Sijambo. Shikamoo.
— Marahaba. Wa nyumbani hawajambo?
— Hawajambo, alhamdulillahi. Bibi amerudi kutoka Pate.
— Ala! Amerudi lini?
— Jana. Alipatwa na mawimbi, akalowa mpaka buibui.

Ile habari ya bibi ndiyo iliyompa ami la kuuliza. Bila hiyo angebaki na "Haya, wasalimie," na kila mtu ashike njia yake. Mzee naye hupenda kuzungumza na mtoto. Mara nyingi hajui tu aanzie wapi.

Hapa kuna tatizo ambalo lazima mzazi alitatue. Tunawaambia watoto, "Ya nyumbani hayasemwi nje," tunanyamaza hapo, na mtoto mwoga anaona salama ni kutosema lolote. Mwekee mpaka unaoeleweka. Yasiyosemwa: pesa za nyumbani, ugomvi wa wazazi, maradhi ya mtu, na jambo ambalo mtu amesema waziwazi kwamba ni siri yake. Yanayosemwa: safari, wageni, chakula, masomo, michezo, wanyama, mvua, samaki waliopatikana. Na uongeze jambo hili, ulirudie mara kwa mara: mtu akikugusa usipopenda, au akikuambia usimwambie mama, hiyo si siri ya kutunzwa. Hiyo huletwa nyumbani siku ileile.

Hatua ya tatu: mtume

Mji wa Lamu una bahati ambayo miji mingine ya Kenya imeipoteza. Njia ni nyembamba, magari hayapiti vichochoroni, watu wanajuana, na mtoto wa miaka 6 anaweza kutumwa duka la jirani huku ukimwona kutoka mlangoni. Kutumwa ni darasa la mazungumzo lisilolipiwa karo, lakini ukimpa karatasi yenye orodha umelifunga, kwa sababu karatasi ndiyo itakayosema badala yake.

Anza na kitu kimoja na sentensi moja: "Salaam aleikum. Naomba sukari nusu kilo." Mfanyie mazoezi nyumbani, wewe uwe mwenye duka. Badilishaneni, yeye awe mwenye duka nawe uwe mteja mkorofi, atacheka na atajifunza zaidi. Akishazoea, mtume na swali: mayai yamefika? Mkate wa leo au wa jana? Baadaye mtume na ujumbe, achukue maneno na arudishe maneno: "Mama anakusalimu sana, anasema kile kitambaa ukikipata umwekee." Kubeba ujumbe humlazimisha kusikiliza vizuri, kuuhifadhi, kuusema kwa heshima, na kulirudisha jibu kama lilivyo bila kulitia chumvi.

Mambo mawili huvunja hatua hii. La kwanza ni watu wazima wanaompita mtoto dukani kana kwamba hayupo. Mfundishe la kusema, tena alifanyie mazoezi mpaka litoke bila kutetemeka: "Samahani mama, mimi nilikuwa mbele." Zungumza pia na mwenye duka, mwombe amhudumie kwa zamu yake. La pili ni sisi wenyewe. Mnakwenda pamoja kwa fundi cherehani, fundi anamuuliza mtoto, "Wataka mikono mirefu au mifupi?" na mama anajibu. Ziba mdomo. Swali si lako.

Akifika miaka 10 au 11, mpe jambo gumu kidogo: kurudisha nyanya zilizooza. "Ami, nilinunua nyanya kwako asubuhi, hizi tatu zimeoza ndani. Mama anaomba umbadilishie." Hakuna kulalamika, hakuna kushtaki. Anataja kilichotokea, anaonesha, anaomba. Wapo watu wazima wengi wasioweza haya, na mwanzo wake ni kwamba hawakutumwa.

Hatua ya nne: kuingia katika mchezo wa wenzake

Hili ndilo ninaloulizwa kuliko yote. "Mwalimu, mwanangu hana wenzake." Nikienda kumtazama wakati wa mapumziko, tatizo mara nyingi liko katika dakika ile moja ya kujiunga. Wenzake wanacheza gololi. Yeye ama anasimama mbali akingoja kuitwa, na hakuna anayemwita, ama anaingia katikati kwa kishindo akisema, "Na mimi! Lakini hivyo si sawa, sheria yake ni hivi." Yote mawili humweka nje.

Wanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliotunga mafunzo ya urafiki kwa vijana yanayoitwa PEERS, walichunguza jinsi watoto wanaopendwa na wenzao hujiunga, wakawafundisha wengine hatua hizohizo. Zikiletwa kwetu zinakuwa hivi. Mtoto asogee karibu, si sana, atazame mchezo. Ajue nani anashinda, zamu ni ya nani, sheria zao ni zipi. Mtu akilenga vizuri amsifu kwa neno fupi: "Aa, hiyo umelenga!" Angoje mchezo upoe au raundi iishe. Kisha aombe kwa namna inayoufaa mchezo wao: "Upande wenu mmepungukiwa mmoja, niingie?" Akiingia, acheze kwa sheria alizozikuta. Kama zina kasoro, atazisahihisha wiki ijayo akishakuwa mwenzao.

Na wakimkataa? Mwambie kabla hajaenda kwamba watu wote hukataliwa, hata wale wanaopendwa, tena mara nyingi. Anayeendelea kupendwa ni yule anayesema, "Haya, baadaye basi," akaondoka bila kulia wala kutishia kwenda kushtaki. Kundi lingine lipo hatua chache mbele. Fanyeni mazoezi ya kukataliwa nyumbani: wewe na dada yake mcheze mdako, yeye aje kuomba, mumkatae mara moja, mumkubalie mara ya pili. Ukimfanyia mazoezi ya kukubaliwa tu hujamfundisha kitu.

Dhihaka nayo ina dawa yake. Mtoto aliyehamia mjini kutoka Faza au Kizingitini huchekwa kwa lafudhi. Aliyetoka Mpeketoni huchekwa kwa nyingine. Anayesema Kiamu chake, lahaja ya Lamu, vizuri kabisa huchekwa akienda shule ya bara. Kumwambia "wapuuze" hakumsaidii, kwa sababu anaposimama kimya akiwa amenuna, wenzake wanaona wamempata. Mfunze jibu fupi la mtu aliyechoshwa: "Haya, kisha?" au "Ndivyo tusemavyo kwetu, na?" Sauti ya kawaida, uso usiobadilika, kisha aendelee na shughuli yake. Anayedhihaki anatafuta machozi au hasira. Asipopata, mchezo wake unaisha ladha. Kanuni hii haihusu kupigwa, kunyang'anywa vitu, kutishwa wala kuguswa. Hayo huletwa kwa mtu mzima mara moja, na mtu mzima ayashughulikie.

Upande wa pili usisahaulike. Kama mwanao ndiye anayecheka lafudhi za wenzake, hilo ni la kukaa naye jioni ileile.

Hatua ya tano: kutoa na kupokea

Kuanzia miaka 8 hivi mtoto anaweza kufundishwa kwamba mazungumzo yana pande mbili. Wapo wanaouliza maswali mfululizo hadi mwenzao anajiona yuko kituo cha polisi. Wapo wanaosimulia mpira wa jana kwa dakika ishirini bila kupumua. Kanuni ninayowapa ni rahisi: uliza moja, sikiliza, sema moja lako linalohusiana na lile ulilosikia, kisha uliza tena.

— Jumamosi mlifanya nini?
— Tulikwenda Shela kuogelea.
— Mimi pia napenda Shela, lakini sijajua kuogelea penye kina. Wewe nani alikufundisha?

Tazama lile swali la mwisho. Limetoka katika jibu alilopewa, halikutoka mfukoni. Huko ndiko kusikiliza kunakoonekana.

Sisi wazazi nasi tubadilishe maswali yetu. "Shule vipi?" huzaa "Nzuri" kwa sababu hakuna jibu jingine linalotoshea. Uliza: Leo nani amewachekesha? Umekaa na nani wakati wa chakula? Kuna jambo lililokuudhi? Na kabla ya kuuliza, toa lako. Mtoto akisikia baba yake anasema, "Leo mashine ya boti ilinizimikia karibu na Mokowe, nikaona haya mbele ya abiria," atajua kwamba mambo ya namna hiyo yanasemeka, naye ataleta yake.

Zoezi bora kuliko yote tumeachiwa na bibi zetu: vitendawili. Stima zikizimika, au baada ya isha, kaeni. "Kitendawili!" "Tega!" "Nyumba yangu haina mlango." Kila mtu anangojwa. Anayeshindwa anaombwa mji, anautoa, mwenye kitendawili anautembelea na kuusifu kabla ya kutoa jibu, na kushindwa kunakuwa furaha badala ya aibu. Mtoto mwenye haya, asiyeweza kuanzisha mazungumzo, hapa anapewa maneno ya kuanzia yaliyo tayari, anapewa hadhira, na anapewa haki ya kuwangojesha wakubwa. Mwache atege. Mwache akupe jibu lisilo sahihi na mlijadili. Nimewaona watoto waliokuwa wakinong'ona darasani wakipaza sauti kwa mara ya kwanza katika kutaka mji.

Wakati wa kusahihisha, usimsahihishe mbele ya mgeni. Mkirudi nyumbani mwoneshe, mwigize pamoja, kisha atende mwenyewe kesho yake. Na ukimsifu, taja alichofanya: "Ulimngoja dada amalize kisha ukasema lako." "Hongera" peke yake hainenepeshi, mtoto hajui arudie nini. Kamwe usiseme mbele yake, "Huyu ana haya, hasemi." Ukilisema mara kadhaa atalivaa.

Hatua ya sita: vijana

Kijana wa miaka 13 hadi 18 habadiliki kuwa mkorofi kwa kupenda. Sehemu za mbele za ubongo, zinazopima matokeo na kuzuia pupa, huendelea kukomaa hadi miaka ya ishirini na kitu, na katika umri huu aibu mbele ya rika humuuma kuliko inavyokuuma wewe. Kwa hiyo usimkaripie mbele ya wenzake, na usimkalishe uso kwa uso ukasema, "Tuzungumze." Vijana hufunguka mkiwa bega kwa bega: mnatembea ufukweni kuelekea Shela, mnaparua samaki, mnatengeneza nyavu, mnapika. Mikono ina kazi, macho yana pa kutua, ulimi unalegea. Akianza kusema, usirukie nasaha. Uliza kwanza, "Wataka nikushauri, au nikusikilize tu?"

Wavulana wapelekwe barazani na wapewe zamu huko. Si kukaa pembeni wakipitisha vikombe vya kahawa pekee. Baba au ami amtilie mwanya: "Kijana wangu alikuwa gatini ilipotokea, hebu aeleze." Wazee wanyamaze. Dakika mbili zinatosha.

Wasichana nataka kuwasemea zaidi. Msichana aliyekuwa akitumwa kila mahali akiwa na miaka 9, akibalehe hupunguziwa kutoka, na pamoja na kutoka hupunguziwa watu wa kuzungumza nao. Akifika miaka 18 anatakiwa ghafla ajieleze kwa daktari, kwa karani, kwa mwalimu wa chuo cha Mombasa asiyemjua. Stara haikatazi kujieleza. Mpe simu apige yeye: kuuliza boti ya Mokowe inaondoka saa ngapi, kuuliza kliniki ni siku gani, kufuatilia cheti. Mpangilio wa simu ni huu: salamu, jina lake, shida kwa sentensi moja, swali, kurudia jibu alilopewa ili kuhakikisha, shukrani. Mara za kwanza aandike kabla ya kupiga.

Kijana afundishwe pia kutokubaliana na mkubwa bila kumvunjia heshima. Wengi wanajua njia mbili tu, kunyamaza au kufoka. Ya tatu ipo: "Niwie radhi, baba. Nimekusikia. Mimi naliona tofauti kidogo, naomba niseme." Kisha aseme sababu moja, si kumi. Nawe mzazi, akilileta namna hiyo, lisikilize mpaka mwisho hata kama jibu lako litabaki "la". Ukilikata katikati, umemwambia kwamba kufoka ndiko kunakofanya kazi.

Na afundishwe kukataa. Ufukweni Shela na hata mjini vijana hukutana na wageni wa kila namna, wengi wema, wachache wabaya, na wabaya wengine si wageni hata kidogo. Mtoto tuliyemlea atii kila mkubwa hana neno la kumwambia mkubwa mbaya. Mpe: "La, ami, sitaki." Bila sababu, bila kuomba radhi mara ya pili, na miguu inaondoka wakati neno bado liko mdomoni. Mfanyie mazoezi kwa sauti, kwa sababu neno ambalo halijawahi kutoka mdomoni halitoki siku ya hatari. Ajue pia nambari 116, simu ya bure ya kuwasaidia watoto Kenya nzima.

Kuhusu WhatsApp nitasema machache. Ugomvi haumalizwi kwa maandishi. Mkiudhiana, pigianeni au mwonane. Picha ya maneno ya mtu aliyekuamini haisambazwi. Ujumbe ulioandikwa kwa hasira ulale mpaka asubuhi.

Wazazi wengine huniambia muda huu ni bora utumike kwa masomo. Mtaala wa umilisi wa hapa Kenya umeweka mawasiliano na ushirikiano miongoni mwa stadi zake saba za msingi, na mwanafunzi anatarajiwa afanye kazi za kikundi na awasilishe. Haya ni masomo.

Hatua ya saba: kujua lini ni zaidi ya kuona haya

Kuona haya ni sehemu ya imani, na mtoto mpole anayechukua muda kuzoea watu hana maradhi. Akishazoea akazungumza na kucheza, mwache na tabia yake. Yapo mambo mengine yanayohitaji macho zaidi.

Kwanza kabisa, masikio. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara, anayesema "Eh?" kila unapomwita, anayekaa ubavuni mwa spika, apimwe kusikia kabla ya kuitwa mkaidi.

Kigugumizi huanza mara nyingi kati ya miaka 2 na 5, na watoto walio wengi hukiacha wenyewe. Usimwambie "tulia, vuta pumzi," wala usimmalizie neno. Punguza kasi ya maneno yako wewe, mngoje, jibu kile alichosema na si namna alivyokisema. Kikiendelea kwa miezi mingi, au akianza kukimbia kuzungumza kwa sababu yake, tafuta mtaalamu.

Mtoto anayepiga soga nyumbani lakini shuleni hatoi neno, na hali hiyo ikapita mwezi mzima baada ya kuzoea darasa, hafanyi kiburi. Ni woga mkubwa uliomfunga. Fimbo na vitisho humfunga zaidi. Mwalimu aanze kwa kumruhusu aoneshe kwa kidole, kisha anong'one kwa rafiki mmoja, kisha apande kidogo kidogo.

Na mtoto asiyegeuka akiitwa jina akiwa na miezi 12, asiyeonyesha vitu kwa kidole akiwa na miezi 18, au aliyekuwa na maneno yakapotea, apelekwe kuchunguzwa mapema. Huenda ni usonji au jambo jingine. Mtoto mwenye usonji hujifunza mazungumzo vizuri akiambiwa kanuni waziwazi, hatua kwa hatua, bila kulazimishwa kutazama machoni, na kwa kuanzia kitu anachokipenda. Kama anapenda majahazi, maswali yote ya mwezi wa kwanza yawe ya majahazi: tanga, mlingoti, nahodha, mizigo.

Pa kuanzia ni kliniki ya watoto, na hapa kisiwani hospitali ya King Fahd. Kwa upande wa shule, uliza ofisi ya elimu ya kaunti kuhusu kituo cha tathmini cha EARC, kinachowapima watoto wenye mahitaji maalumu na kuelekeza masomo yanayowafaa. Usiende na maneno ya jumla kama "hasemi." Kwa wiki mbili kabla ya kwenda andika unachokiona: alisema nini, kwa nani, wapi, alikuwa akifanya nini aliponyamaza, anaitika upande gani ukimwita kutoka nyuma. Rekodi dakika chache kwa simu akiwa anacheza nyumbani, kwa sababu mbele ya daktari huenda asitoe hata neno. Na mnapoingoja siku ya miadi, zile zamu za nyumbani ziendelee kama kawaida: unasema, unangoja, anajibu kwa njia yoyote aliyo nayo.